Waliomtafuta Mjomba Shaibu

Kila siku akitoka shule, Zulekha alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mjomba wake, kando ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Alisukuma begi lake chini ya meza, akachukua brashi na kuanza kung'arisha viatu vya mtumba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Anza na hizo buti. Zina vumbi la Ulaya nzima hizo."

Mjomba Shaibu alikuwa kaka wa mama yake. Zulekha na mama yake walihamia Dar es Salaam kutoka Lindi, na mjomba ndiye aliyewapokea chumbani kwake hadi walipopata chao. Alikuwa mcheshi, na wateja walimpenda kwa utani wake. Chipsi zake alizimwagia chumvi mpaka zikawa nyeupe, na sigara haikukauka mdomoni mwake. Siku za karibuni alilalamika kwamba kila akiamka kichwa kinamgonga kisogoni.

"Jua la Kariakoo hilo," alisema. "Halina adabu."

Wiki hiyo hema jeupe lilisimamishwa kando ya ofisi ya serikali ya mtaa. Mwanamke mrefu mwenye miwani, Daktari Candida, alishika kipaza sauti akawaeleza watu kwamba yeye na wenzake ni watafiti. Walitaka kujua kwa nini watu wengi wanaofanya kazi sokoni wanapata presha na kiharusi. Wangepima mishipa ya damu ya yeyote atakayekubali, na upimaji ni bure.

"Ukimwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, au maneno hayatoki vizuri," alisema, "usingoje. Mkimbize hospitali."

Abbasi, muuza mikanda wa kibanda cha jirani, alicheka kwa pua. "Bure? Kariakoo hii hata choo tunalipia. Sasa hao wanatupima bure, wanapata nini?"

Tangu hapo macho ya Zulekha hayakubanduka kwenye hema. Aliwaona watafiti wakifunga mkanda mmoja mkononi na mwingine kwenye kifundo cha mguu, kisha mashine ikaguna. Aliwaona wakitoa damu, wakiitia kwenye vichupa, na vichupa wakivipanga ndani ya boksi la barafu. Jioni boksi lilipakiwa kwenye gari jeupe lisilo na maandishi yoyote. Gari likaondoka kuelekea upande wa bandarini.

"Umeona?" Abbasi alimnong'oneza. "Bandarini kuna nini? Kuna meli. Damu ya watu inasafirishwa hiyo."

Zulekha aliweka brashi chini. Alimgeukia mjomba wake. "Mjomba, wewe hujaenda kupimwa, eti?"

"Mimi? Niende kufanya nini?" Mjomba Shaibu alijibu upesi, akainama kupanga ndala ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Kesho yake alasiri, mjomba alipokwenda msikitini, kijana mwenye kitambulisho shingoni alisimama mbele ya kibanda. Zulekha alimtambua. Alikuwa mmoja wa watu wa hema.

"Mambo?" alisema kijana.

"Poa."

"Mimi naitwa Pius. Namtafuta Mzee Shaibu. Anauza hapa?"

Zulekha alishtuka. Huyu mtu amelijuaje jina la mjomba?

"Una shida gani naye?"

"Nina mazungumzo naye kidogo."

"Niambie mimi, nitamfikishia."

Pius alitikisa kichwa. "Siwezi. Ni lazima nimwone mwenyewe."

Abbasi alikohoa kwa makusudi. Zulekha alimtazama, kisha akamtazama Pius, na uongo ukamtoka kabla hajaupima. "Amesafiri. Yuko Lindi."

"Atarudi lini?"

"Sijui."

Pius alipoondoka, Abbasi alimpigia Zulekha makofi. Mjomba aliporudi na kusimuliwa, alicheka kicheko kifupi akawasha sigara. Alingoja mjomba aulize hao watu walilipata wapi jina lake. Mjomba hakuuliza. Jambo hilo lilimkaa Zulekha moyoni, lakini hakujua aliweke wapi.

Siku iliyofuata alikuja Daktari Candida mwenyewe. Mjomba alimwona kwa mbali, akajibanza nyuma ya magunia ya viatu. Zulekha alirudia uongo wake, safari hii akiyakwepa macho ya daktari.

"Nyumbani kuna mtu mzima ninayeweza kuzungumza naye?"

"Hakuna."

Daktari akaondoka. Zulekha alimfuata kwa siri, akipenya kati ya mikokoteni na wauza soksi, mpaka nyuma ya hema. Akatega sikio kwenye turubai.

"Lazima tumpate," sauti ya Daktari Candida ilisema. "Wengine wanaweza kusubiri. Huyu hapana."

"Nitazunguka tena kesho," Pius alijibu. "Nitauliza kila kibanda cha viatu kama kuna anayejua aliko."

Zulekha alirudi mbio. Sasa hakuwa na shaka. Kati ya watu wote wa soko lile, walimtaka mjomba wake.

Jioni alimweleza mama yake, aliyekuwa anakanda unga wa maandazi.

"Umewauliza wanamtakia nini?" mama aliuliza.

"Hawasemi! Ndiyo maana nikawaambia amesafiri."

Mama aliacha kukanda. "Kwa hiyo wao wamekuficha, na wewe umewadanganya. Hapo nani amejua chochote? Kesho nikimaliza kuuza nitakwenda kuwauliza mwenyewe."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Kabla mama hajamaliza biashara yake, Mjomba Shaibu alikuwa anamwonyesha mteja kiatu cheusi cha ngozi. "Hiki ukikivaa, hata bosi wako atakuamkia," alisema, na mteja akacheka. Kisha kiatu kikaanguka. Mjomba aliinama kukiokota, vidole vikashindwa kukishika.

"Mjomba?"

Alifungua kinywa kujibu. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, maneno yamegandana, na upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka.

"Jua hilo!" Abbasi aliruka na chupa ya maji. "Mkalishe kivulini, anywe."

Maji yalichuruzika kwenye kona ya mdomo wa mjomba, yakalowesha shati, naye akapaliwa. Zulekha alikumbuka sauti ya kipaza sauti. Mdomo. Mkono. Maneno.

"Usimpe tena! Mshikilie asianguke!" alimpigia kelele Abbasi, akachomoka.

Alikimbia akigonga watu na mizigo. Njiani wazo moja lilimfukuza: je, kama kweli ni watu wabaya, si ndiyo anawapelekea mjomba mwenyewe? Lakini alikuwa amekiona kile walichokitangaza, kwa macho yake. Alijitosa ndani ya hema.

"Nilidanganya!" alisema, pumzi zikimkatika. "Mjomba Shaibu hajasafiri. Yuko kibandani. Mdomo umekwenda upande, hawezi kuongea!"

Daktari Candida aliinuka papo hapo. Hakumgombeza. "Imeanza lini? Niambie ukweli, ni muhimu sana."

"Sasa hivi. Alikuwa anatania na mteja, kiatu kikamtoka mkononi."

"Amekula au kunywa kitu baada ya hapo?"

"Maji kidogo. Yalimpalia."

Pius alikuwa ameshasimamisha bajaji. Walimpakia mjomba kutoka kibandani wakaenda naye hospitali, Zulekha amemshika mkono uliolegea. Njia nzima daktari alizungumza kwenye simu na wenzake wa hospitalini, akiwaeleza yale aliyoambiwa na Zulekha. Walipofika, kitanda cha magurudumu kilikuwa mlangoni kinawasubiri.

Mama alifika akiwa bado amevaa aproni yenye unga. Walikaa kwenye benchi la ukumbini, wameshikana mikono, mpaka muuguzi alipotoka kuwaambia kwamba mgonjwa ameanza kuzungumza.

Siku iliyofuata waliruhusiwa kumwona. Mdomo ulikuwa umerudi karibu sawa, ingawa mkono ulikuwa bado mzito. Daktari Candida alikuja pia. Mjomba alipomwona, aligeuza uso ukutani, kisha akaurudisha.

"Zulekha," alisema polepole, kama anayechagua kila neno. "Mimi nilikwenda hemani. Siku ya kwanza, kabla hujatoka shule. Huyu kijana Pius alinipima, akatazama mashine, akaniambia nitulie apime tena. Nikamwona anamwita daktari. Nikaingiwa na woga, nikatoka kama nakwenda kutema mate, sikurudi. Na namba ya simu niliyowapa haikuwa yangu."

"Presha yako ilikuwa juu mno," Daktari Candida alisema. "Tulikutafuta ili utibiwe kabla haya hayajatokea."

Zulekha alikunja uso. "Sasa kwa nini hamkuniambia mimi? Mngesema tu ni presha!"

"Kwa sababu habari za mwili wa mtu ni zake kwanza. Mngependa nisimame kibandani niutangazie mtaa ugonjwa wenu?" Daktari alivuta kiti akakaa. "Ila na sisi tulikosea. Tulieleza sana kuhusu presha, hatukueleza vizuri tunachofanya na damu za watu. Mtu akikutoa damu una haki ya kumuuliza."

"Basi nauliza," Zulekha alisema. "Inaenda wapi?"

Mama alitaka kumkanya, lakini daktari alitabasamu. "Maabara. Tunapima sukari na mafuta, maana hayo pamoja na chumvi nyingi na sigara huharibu mishipa kimyakimya. Tukimaliza, damu inateketezwa. Maabara iko njia ya bandarini. Njooni muone wenyewe."

Walikwenda, Zulekha na mama yake. Abbasi naye alikwenda, akiapa kwamba anawasindikiza tu. Aliuliza maswali kuliko wote. Alichungulia mashine, akaomba kuonyeshwa vichupa, akahoji kwa nini gari halina maandishi. Mtaalamu wa maabara alimjibu kwamba gari ni la kukodi. Aliporudi Kariakoo, Abbasi alikaa kwenye kiti cha hemani akakunja mkono wa shati.

"Nipimeni," alisema. "Lakini mniambie kila hatua."

Mjomba Shaibu aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na dawa za kumeza kila siku na mazoezi ya mkono. Sigara alikuwa anapambana nayo. Siku nyingine alikuwa mkali kwa sababu yake. Jioni moja, akila wali na mchicha ambao mama aliutia chumvi kidogo sana, alilalamika kwamba chakula hakina ladha.

"Kina ladha ya kuishi, kaka," mama alimjibu, naye akaendelea kula.

Zulekha alikuwa anauchezea wali wake kwa vidole. Mama alimtazama. "Bado unafikiria ule uongo?"

"Kama ningesema ukweli siku ile Pius alipokuja..."

"Angepata dawa mapema. Hilo silifichi," mama alisema. "Na kama mjomba wako angesema ukweli, ingekuwa vilevile. Hata mimi nilipaswa kwenda jioni ileile, si kungoja kesho." Alimsogezea bakuli la mchicha. "Sikiliza, mwanangu. Kuwatilia shaka wageni wanaochukua damu za watu si kosa. Ni akili. Lakini shaka inatakiwa ikutoe hapo ulipo ikupeleke kuuliza. Ukiifunika kwa uongo, unabaki hujui kitu, na yule unayemlinda ndiye anayeumia. Siku ulipokimbia kwenda kusema kweli, mjomba wako alipona."