Taa ya Sita

Mshonaji alikuwa na tabia ya kuhesabu vifungo hata pasipo na shati. Kila asubuhi alipozungusha ufunguo wa gari lake, taa sita ziliwaka kwenye dashibodi, zikakaa kidogo, zikazimika. Sita, kama vifungo vya shati la shule. Jumanne ile ziliwaka tano. Pale pa sita palikuwa peusi, pengo la jino.

"Mbona umeduwaa? Foleni ya kliniki hainingoji," alisema mama yake, aliyeketi kando yake na mkoba wa dawa mapajani.

"Mama, una hakika kaka alimaliza kulitengeneza hili gari?"

"Kaka yako? Yule, gari likikohoa mtaa wa pili anakwambia lilipigwa baridi wapi."

Kaka ndiye fundi. Mtaa mzima ulimwita Daktari. Baba yao alipofariki, yeye aliacha shule ili dada yake asiache. Ndiye aliyemfundisha kuendesha, ndiye aliyemchagulia gari lenyewe. Wiki iliyopita ile taa ya njano ya ABS, ya breki zinazozuia tairi kukwama, ilipogoma kuzimika, alikaa na gari siku mbili akalirudisha Jumatatu jioni linang'aa. "Limepona, dada. Kanyaga tu." Mtu kama huyo utamuuliza risiti ya neno lake?

Wakafika mteremko wa hospitali, saa nne asubuhi, jua likiwaka, gari likienda mwendo wa kobe. Mbele yao mtu wa magongo alikuwa anavuka. Mshonaji akakanyaga breki.

Breki ikamkanyaga yeye. Pedali ilimsukuma unyayo, krrr, krrr, krrr, kama meno yanayosaga mchanga, na kila alipokandamiza, kitu upande wa pili nacho kilikandamiza, kisigino kwa kisigino, dole gumba kwa dole gumba, na gari likazidi kuteremka bila haraka, kama lililoitwa kwa jina lake, mpaka mama akapiga yowe, mtu wa magongo akajitupa kando, na pua ya gari ikaja kusimama imegusa ukuta.

Mkoba wa mama ulikuwa umemwagika. Alikuwa anaokota vidonge miguuni.

Wakavutwa kwa kamba hadi gereji ya kaka. Daktari aliposikia, alitazama huku na huku, akashusha sauti.

"Taratibu, dada. Gari hili lina mwenyewe."

"Mwenyewe gani?"

"Jini. Yule aliyeliuza alinidokeza. Nilidhani amehama."

Alipolitamka neno hilo, harufu ya udongo uliomwagiwa maji ikapita kati yao. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

"Ulijua," dada alinong'ona, "na ukaniacha nimpakie mama?"

"Sikutaka uogope. Niachie mimi, nitatafuta mganga."

"Mganga nitamleta mimi."

Akamleta siku hiyo hiyo. Mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Kabla ya kushughulika na majini aliendesha teksi miaka ishirini. Aliweka chetezo chini, wala hakukiwasha.

"Ufunguo."

Akazungusha. Akazima. Akazungusha tena.

"Tano," alisema. "Bisibisi."

Akafungua kifuniko cha dashibodi, akaingiza kidole, akakitoa. "Tundu tupu. Balbu imeng'olewa. Taa hii kazi yake ni kusema breki zinaumwa. Aliyefanya hivi hakumtibu mgonjwa, alimziba mdomo." Akainama gurudumuni, akagusa senso inayopima mzunguko wa tairi, kutu ikamjaa mkononi. "Hii haijaguswa na mtu."

Dada alimgeukia kaka yake. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na mshonaji huyu, nguo ndiyo kazi yake, alikagua kila mshono isipokuwa huu.

"Siku mbili, kaka. Ulikuwa unafanya nini?"

"Kazi zilinizidi. Nilisema nitarudia baadaye..."

"Mwanangu," mama alisema polepole, "kiti cha mbele nilikaa mimi."

Daktari akatoka jasho. "Lakini jini yupo! Si mmesikia ile harufu?"

Mganga alibeba chetezo chake. "Hapakuwa na jini. Wewe umemsingizia. Binadamu ukimsingizia anakwenda kulalamika kwa mwenyekiti wa mtaa. Jini ukimsingizia, au ukimkana akiwapo, anakuja kwako." Akaondoka.

Fundi mwingine akabadili senso, akarudisha balbu. Taa zikatimia sita. Breki zikashika.

Jumanne iliyofuata, adhuhuri, kaka akasimama mlangoni kwa dada yake, viatu mkononi, macho mekundu.

"Dada," alinong'ona, "ardhi inanisukuma."

Dada hakuinua uso. Alikuwa anahesabu vifungo.

"Nikikanyaga sakafu inasukuma, nikikanyaga mchanga unasukuma, nikilala miguu ikagusa ukuta, ukuta unasukuma, unyayo kwa unyayo, na mimi ndiye niliyekulea, dada, nenda kwa yule mganga umwambie nimekoma, mwambie atamke kwamba nimekoma."

Akateremsha mguu mmoja kwenye saruji. Krrr, krrr, krrr. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumba.

Dada alisikia. Alisikia vizuri kabisa. Akilini akamwona tena mama kwenye kiti cha mbele, amekumbatia mkoba, vidonge vimetapakaa.

"Hakuna kitu hapo, kaka," alisema. "Umeshapona. Kanyaga tu."

Alimtazama akiondoka, akirukaruka kama mtu juu ya makaa. Kisha akavuta kiti, akaweka shati chini ya sindano, akapandisha miguu yote miwili kwenye kibao cha cherehani.

Kibao kikamsukuma, taratibu, dole gumba kwa dole gumba.