Kitabu cha Mtu Mmoja

Kiteuzi, mashine ya kuchagua vitabu, kilihitaji sekunde tisa tu kumjua mtoto. Kilimtazama mboni, kikasikiliza pumzi zake, kikapima joto la vidole vyake juu ya bamba la kioo, kisha kikapekua riwaya na katuni zote za watoto na vijana zilizotoka miezi mitatu iliyopita, maelfu kwa maelfu, na kuchomoa moja. Papo hapo kichapishi kilichokuwa chini yake kilianza kuvuma. Baada ya dakika nne mtoto aliondoka na kitabu chenye joto bado, kama mkate uliotoka jikoni.

Kilikosea mara chache sana. Katika Maktaba ya Watoto ya jiji la Dodoma, watoto tisini na saba kati ya kila mia walimaliza kitabu walichopendekezewa. Zamani wazazi waligombana na watoto kwa sababu hawasomi. Sasa waligombana nao waache kusoma, waje kula.

Aliyekibuni alikuwa mhandisi Nyamizi Shilatu, mwanamke wa miaka hamsini na minne, mkutubi kabla hajawa mhandisi. Alishinda ghorofa ya juu katika chumba cha vioo, akiutazama ukumbi. Watoto sitini walikuwa wameinamia vitabu vyao na hakuna aliyenong'ona. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa akijivunia ukimya ule.

Jumatano moja alasiri, taa nyekundu iliwaka mezani pake. Kuna aliyekataa kurudisha kitabu. Nyamizi akateremka.

Alikuta msichana wa miaka kumi na mitatu, bado na sare ya shule, amekumbatia katuni kifuani.

"Sekela Mwakyoma," Kiteuzi kilikuwa kikisema kwa upole, "tafadhali ingiza *Punda wa Obiti* kwenye tundu. Nimekuandalia riwaya mpya. Utaipenda."

"Shikamoo, mama," msichana alisema alipomwona Nyamizi.

"Marahaba. Kuna nini, mwanangu?"

"Nikikirudisha kitasagwa."

"Ndiyo. Karatasi yake itachapiwa kitabu cha mtoto mwingine."

"Basi kichapwe tena hikihiki, apewe rafiki yangu Tumpe. Nimeiomba mashine, imekataa."

"Hakimfai Tumpe," Kiteuzi kilijibu. "Angekiacha ukurasa wa kumi na mbili."

Sekela alimgeukia Nyamizi. "Mama, nimesoma vitabu mia moja na arobaini hapa. Vyote vizuri. Hiki nimekimalizia kwenye ngazi za nyumbani, nikalia. Nikamkimbilia Tumpe nimsimulie, nikamkuta naye analia na cha kwake. Nikamwambia punda amejizima. Akaniuliza, punda gani? Tukakaa palepale kila mtu analia chake."

Nyamizi alimwambia aende nacho nyumbani, arudi kesho.

Alipopanda juu alikiuliza Kiteuzi ni vitabu vingapi mwaka uliopita vilisomwa na zaidi ya mtoto mmoja jijini.

"Hakuna," kilijibu.

Alilijua jibu hilo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika, katika ripoti ya kwanza kabisa, kwamba kila mtoto atapata chake. Usiku na mchana alikuwa amekifundisha Kiteuzi hivyo, na kilikuwa kimemtii.

Asubuhi yake alimpelekea mkurugenzi, Bwana Kalinga, amri mpya ya Kiteuzi aliyoiita amri ya pacha: watoto wawili wapewe kitabu kimoja. Kalinga hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaamuru jaribio lifanyike kwa hesabu za mashine, akamgeuzia skrini aone majibu. Waliomaliza kitabu walishuka kutoka tisini na saba hadi hamsini na mmoja.

"Nyamizi, unataka nusu ya watoto waache kusoma ili waliobaki wapate cha kuzungumza?"

Nyamizi akaondoka.

Sekela alipokuja alasiri hiyo, Nyamizi alinyoosha mkono. "Niazime mimi."

"Hakikufai, mhandisi," Kiteuzi kilisema.

"Najua." Akaandika kwenye daftari la maktaba kwamba kitabu kimepotea.

Alikisoma nyumbani, kwenye meza yenye kiti kimoja. Kilimhusu msichana anayebeba maji kati ya vituo vya angani kwa punda wa chuma, na punda anayejizima mwishoni ili hewa iliyobaki mtungini imtoshe msichana huyo. Nyamizi alisoma kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Alikasirika mara mbili, akakiweka chini, akakirudia.

Jumamosi walikutana kwenye bustani ya maktaba.

"Sikukipenda," Nyamizi alisema.

Uso wa Sekela ulinywea. "Kwa nini?"

"Yule msichana angeweza kurudi kituoni kuchukua mtungi mwingine. Mwandishi alimuua punda ili tulie tu."

"Jamani, mama! Mlango ulikuwa umeshaganda! Hukuona?" Sekela alifunua kurasa kwa haraka, akaweka kidole juu ya picha ndogo pembeni. "Hapa! Na masikio yake uone, ameyalaza. Alishajua."

Nyamizi aliinama. Kweli, barafu ilikuwa imeshika mlango wote, na punda alikuwa amelaza masikio. Alikuwa amepita juu yake bila kuona.

"Haya, mlango nakubali," alisema. "Lakini bado punda angemuaga."

"Angemuaga, msichana asingekubali kuondoka!"

Walibishana mpaka mlinzi akachungulia getini kuona kuna nini. Kisha Sekela akafunga kitabu, akamtazama.

"Na wewe, mama, ulilia kitabu gani?"

Nyamizi alikuwa amewapendekezea watoto vitabu visivyo na idadi, wala hakukumbuka lini mtu alimwuliza hivyo.

"Ni hadithi ndefu," alisema.

"Leo hakuna shule."

Alianza vibaya, kwa kusimulia mwisho kwanza, ikabidi arudi nyuma. Sekela alikunja miguu juu ya benchi, akasikiliza.