Nundu Ubavuni mwa Tairi

Kila Jumamosi asubuhi Noela aliosha gari la mama yake. Hakuna aliyemtuma. Alipenda tu kuliona vumbi jekundu likichuruzika na maji, na majirani pale Majengo walizoea kumtania kwamba gari lile linaoga kuliko yeye.

Jumamosi hii aliamka mapema zaidi. Mama yake, Violet, alikuwa anampeleka bibi Kunegunda huko Hanga, ambako mjukuu wake mkubwa alikuwa anaweka nadhiri za utawa. Magunia ya mahindi, zawadi kwa watawa, yalikuwa yameshajaa nyuma ya gari. Mama alimaliza kushona mdomo wa gunia la mwisho kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia, kisha akaingia ndani kubadili nguo.

Noela aliposugua tairi la nyuma, mkono wake ulipita juu ya kitu ukasimama. Ubavuni mwa tairi palikuwa na nundu kubwa kama andazi. Alijua ilikotoka.

Wiki ile ile kaka Remmy, mtoto wa mamkubwa aliyeishi nao, alikuwa amelichukua gari bila ruhusa, Noela akiwa kando yake. Katika kumkwepa bodaboda, aligonga ukingo wa zege wa mtaro kwa kishindo kilichowafika mpaka kwenye meno. Remmy alishuka akachungulia. "Tairi ni zima kabisa," alisema. "Ila usimwambie mama. Ukisema, na wewe utaulizwa ulifuata nini." Noela akafyata mdomo.

Sasa nundu ilikuwa inamtazama. Akawaza kwamba jipu hutumbuliwa. Upepo uliojikusanya pale ukitoka kidogo, nundu itanywea, na hakuna atakayejua lolote. Aliokota shazia, akachuchumaa, akasogeza uso karibu na kuweka ncha yake katikati ya nundu.

"Noela," bibi aliita kutoka mlangoni, "njoo unishike mkono nipande."

Aliiacha shazia chini akaenda, akijiambia atarudi kumalizia. Lakini alipokwisha kumkalisha bibi kiti cha nyuma, mama alikuwa ameshashika usukani.

"Mama," Noela alianza.

"Nini tena, mwanangu? Tunachelewa misa."

"Hakuna."

Gari lilirudi nyuma taratibu. Tairi lilipopanda jiwe la geti, ulisikika mlipuko uliotikisa madirisha ya nyumba. Kokoto ziliruka na masikio ya Noela yakaziba. Vumbi lilipotulia, gari lilikuwa limeinama upande mmoja. Ndani yake bibi alikuwa amekumbatia rozari, midomo ikimcheza bila sauti.

Noela alilitazama tairi. Pale pale alipokuwa ameweka uso wake muda mfupi uliopita, ubavu ulikuwa umepasuka kiasi cha kupitisha kichwa cha mtoto. Alikaa chini. Akaanza kusema yote, ya mtaro na ya shazia, maneno yakigongana. Mama alimsikiliza akiwa ameshika mlango wa gari, rangi imemtoka. Remmy, aliyetoka mbio kusikia mlipuko, aliinamisha kichwa.

Fundi Egidi, anayeziba pancha barabarani karibu na kwao, alikuja na jeki yake. Alilitoa tairi akawaonyesha nyuzi zilizochomoza kwenye mpasuko.

"Hizi ndizo zinazoshikilia upepo," alisema. "Mpira ni nguo tu. Ukigonga ukingo au shimo, nyuzi zinakatika kwa ndani, hasa kama upepo ni mdogo au mzigo umezidi. Upepo unausukuma mpira nje, ndiyo hiyo nundu. Haizibwi kama pancha. Tairi la hivyo halitembei tena."

"Na mtu akilitoboa?" Noela aliuliza kwa sauti ndogo.

Egidi alimkazia macho. "Binti, hilo lingeondoka na uso wako."

Noela alijishika mashavu. Mama naye aliuliza ingekuwaje kama lingepasukia njiani.

"Hapa mlikuwa mnatambaa," Egidi alijibu. "Kwenye mteremko, na mzigo huu, gari lisingekusikia. Na malori ya tumbaku yanakuja mbele."

Egidi alifunga tairi la akiba, akakagua mengine yote, ubavu wa ndani na wa nje. Remmy aliteremsha nusu ya magunia bila kuambiwa. Mama alimweleza waziwazi kwamba hatagusa tena funguo za gari mpaka awe na leseni, naye akaitikia.

Walipokuwa tayari kuondoka, mama alimwita Noela.

"Tairi linanunuliwa," alisema. "Mimi nilikuuliza kuna nini, ukaniambia hakuna. Nikawasha gari, mama yangu kakaa juu ya kifo, na wewe unajua. Ukiona hatari, sema hapo hapo, hata kama na wewe umo kwenye kosa. Nitakugombeza, yataisha. Lakini ungetuzika, ungemwambia nani?"

Bibi alinyoosha mkono kutoka kwenye kiti cha nyuma, akamvuta Noela ndani, akamkalisha kando yake. Hapo ndipo Noela alipolia.