Walisema Nimekubali

Kila asubuhi ya baridi nilikuwa na kazi moja kabla ya darasa: kuwasha gari la shangazi, kukwangua barafu kwenye kioo cha mbele, kisha kurudi ndani kumimina chai kwenye chupa. Siku ile nilikuwa nimekwangua nusu ya kioo simu ikalia. Ba'mdogo, kutoka Tanga.

"Hongera, bibi harusi wetu!"

Nikadhani amekosea namba.

"Shikamoo, Ba'mdogo. Bibi harusi gani?"

"Marahaba. Unaniuliza gani tena, Faridah? Si nilikuuliza juzi kuhusu Twalib?"

"Uliniuliza, lakini..."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, ila..."

"Basi! Mwari akiulizwa akanyamaza, karidhia. Ndivyo tulivyolelewa sote. Posa nimeshapokea. Marehemu baba yako angekuwa hai angefurahi sana leo. Haya, usikae nje, nasikia huko Minnesota baridi inaua."

Akakata.

Nilibaki nimesimama na kikwanguo mkononi, gari linanguruma, nusu ya kioo bado nyeupe.

Mimi ndivyo nilivyo tangu utotoni. Maneno yangu huja watu wakishaondoka. Na Twalib nilimjua kwa macho tu: mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mwenye kampuni ya kuhudumia wazee majumbani na nyumba kubwa Lakeville. Alikuja kwa Shangazi Saumu kula Idi. Alikuwa akimuuliza shangazi maswali kuhusu mimi nikiwa nimekaa palepale.

"Anapika?"

"Anapika vizuri."

"Ana marafiki wengi?"

"Huyu? Huyu ni chuo na nyumbani."

Akatabasamu.

Niliyempenda alikuwa mwingine. Anaitwa Mugabo, kijana wa Buyenzi, Bujumbura, tuliyekuwa tukisoma naye uuguzi. Msimu wa majani kupukutika, tukiwa mtaa wa Frogtown, nje ya duka tunakonunua unga na dagaa, aliniuliza:

"Faridah, nikituma wazee kwa shangazi yako, utakasirika?"

Nikauangalia mfuko wangu wa unga. Moyo ulikuwa unaruka, ulimi haukunyanyuka. Alisubiri mpaka treni ikapita University Avenue, na nyingine ikapita.

"Ça va, sawa," akasema polepole. "Nimeelewa. Pardon."

Akaenda zake. Hakuelewa kitu. Kimya changu kilekile: yeye alikisoma hapana, Ba'mdogo akakisoma ndiyo.

Chuo kilipofunga kwa mapumziko ya Machi, Twalib akampigia shangazi.

"Nimesha-book, shangazi. Kisiwa cha Karibi, jua tupu. Mimi, wewe na Faridah. Tuzoeane kabla ya nikaha."

"Tutafanya nini huko?"

"Kuna outing ya nusu siku. Unapanda mlima kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya, unaangalia bahari. Kushuka, unashuka na zipline. Wanakufunga mikanda, unateleza kwenye waya juu ya msitu, vuup, mpaka chini!"

"Huyu mwanangu anaogopa kwenda juu."

Simu ilikuwa kwenye spika. Nilisikia anacheka.

"Najua. Ndiyo maana nimeichagua."

Shangazi naye akacheka, akidhani ni utani.

Siku ya siku, chini ya ule mlima, jua lilikuwa kali. Baada ya miezi ya theluji ngozi yangu ilipaswa kufurahi. Badala yake viganja vilikuwa vya baridi.

"Nipe simu yako," Twalib akasema. "Itakudondoka. Ifungue kabisa, nikurekodi video."

Nikaifungua, nikampa. Akaitia mfukoni bila kurekodi chochote.

Kila kiti kilikuwa cha watu wawili. Shangazi alikuja akae nami, Twalib akamzuia kwa mkono, kwa adabu sana.

"Wewe panda cha nyuma, shangazi. Ujinafasi."

Kiti kikatuzoa. Ardhi ikaondoka. Miti ikawa chini ya viatu vyangu, kisha ikawa mbali, na bahari ikatokea imelala bluu, haina mwisho. Niling'ang'ania chuma cha mbele. Twalib akakitikisa kiti.

"Usifanye hivyo, tafadhali."

"Nimefanya nini?" Akatikisa tena. "Nishike basi. Si mimi hapa?"

Nilibaki na chuma.

"Sawa," akasema. "Utanizoea. Tukirudi, semester hii ndiyo ya mwisho."

"Nimebakiza mwaka mmoja tu."

"Wa nini? Kampuni ninayo. Nyumba inataka mtu. Hata gari hutahitaji, kule Lakeville utakuwa unakwenda wapi?"

Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayeahidi zawadi. Waya juu yetu ukalia kwa kukwaruza, tukavuka nguzo.

"Mke wangu wa kwanza naye alikuwa mkimya kama wewe."

Niligeuka kumtazama. Sikuwa najua kama aliwahi kuoa.

"Shangazi anajua?"

"Hakuuliza."

"Yuko wapi?"

"Kwao Kigoma. Alianza kuwa na maneno. Makaratasi yake yote ya ukaazi yalikuwa yanapitia kwangu, na bado ana maneno! Nikamkatia tiketi." Akanipigapiga gotini. "Wewe huna maneno. Ndiyo maana nilipokuona tu, nikasema huyu."

Kiti kikatufikisha juu.

Juu kulikuwa na jukwaa la mbao linaloishia hewani. Mwongozaji alikuwa mwanamke mfupi, mikono imejaa nguvu. Alinivalisha kofia ngumu, akanikaza mikanda, akaninasa kwenye waya kwa ndoano. Kisha akasema kwa Kiingereza:

"Uko tayari?"

Nikanyamaza.

"Yuko tayari," Twalib akamjibu.

"Sikukuuliza wewe, bwana. Dada, nataka kusikia sauti yako. Pasipo sauti yako sikuachii."

"Ana haya tu," Twalib akacheka. "Kwetu msichana akinyamaza amekubali. Msukume."

"Kwangu akinyamaza haendi."

Akainama akanitazama usoni, chini ya ile kofia.

"Uko tayari?"

Nilifungua mdomo. Haikutoka ndiyo, haikutoka hapana. Chini yangu msitu ulikuwa unapumua kwa upepo. Mwongozaji akasubiri, akatikisa kichwa, akanasua ndoano.

"Atashuka kwa kiti. Haina shida kabisa."

Shangazi alikuwa ameshateremka kwenye kiti chake, amesimama nyuma yetu anahema. Twalib akanisogelea mpaka pumzi yake ikawa sikioni mwangu. Akasema kwa Kiswahili, bado anatabasamu ili yule mwanamke asijue:

"Umeniaibisha mbele ya mtu baki. Tutaongea tukishakuwa wawili, mlango umefungwa."

Kisha akageuka, akafungwa mikanda, akapaza sauti kwamba yuko tayari, akaruka. Kelele zake za furaha zilisikika msituni kwa muda mrefu. Simu yangu ilikuwa mfukoni mwake.

Tulishuka kwa kiti, mimi na shangazi. Hakuniangalia, nami sikumwangalia, sote tulikuwa tunatazama bahari. Nadhani ndiyo maana nikaweza.

"Alikwambia nini sikioni?"

Nikamwambia.

"Mlango umefungwa?" akarudia.

"Na aliwahi kuoa, shangazi. Alimrudisha Kigoma."

"Hajaniambia!"

"Anasema hukumuuliza."

Waya ukakwaruza. Kiti kikasimama ghafla katikati ya safari, kikawa kinayumba peke yake. Shangazi akanishika mkono.

"Mimi sikukubali," nikasema. "Nilishindwa tu kusema."

"Kwa nini hukuniambia mimi, Faridah?"

"Ulikuwa umeshapika pilau la posa."

Kicheko kikamponyoka, akakikatisha. Alipoongea tena sauti ilikuwa ndogo.

"Na mimi niliulizwa hivihivi. Nilikuwa nalia chumbani, mama akatoka nje akawaambia kaona haya. Nikaolewa. Miaka yote niliyoishi na marehemu mume wangu, nilikuwa namngoja mtu aje aniulize tena."

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui, mwanangu. Posa imeshapokelewa. Ba'mdogo wako unamjua, akishasema kasema."

Kiti kikaanza kwenda.

Twalib alikuwa ametutangulia, anakunywa maji ya dafu. Akanirudishia simu.

"Video haikutoka vizuri."

Niliifungua tukiwa kwenye basi la kurudi hotelini. Kulikuwa na ujumbe wa Mugabo:

"Faridah, watu wanasema unaolewa. Niambie wewe mwenyewe. Ukisema ndiyo, sitakusumbua."

Chini yake kulikuwa na jibu, limetoka kwenye simu yangu:

"Ndiyo. Usinitafute tena."

Na Mugabo:

"Sawa. Mungu akubariki."

Baada ya hapo namba yake ilikuwa imezuiwa.

Nilimpa shangazi simu. Alisoma, akarudia kusoma, akamtazama Twalib aliyeketi viti vya mbele anapiga mluzi. Akanirudishia. Mimi nikaandika kwa Mugabo, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Niliona nikimwita halafu nikakosa tena la kusema, nitakuwa nimemchezea.

Tuliporudi, Twalib aliiwahisha shughuli. Kwa nini tungoje kiangazi? Jumapili hiyohiyo, nyumbani kwa shangazi Woodbury, baada ya adhuhuri.

Jumapili ikafika na theluji mpya. Sebuleni aliketi sheikh, mashahidi, na Twalib katika kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Ba'mdogo, walii wangu wa kuniozesha, alikuwa kwenye spika ya simu ya shangazi, mezani kati ya sahani za halua. Mimi nilikuwa chumbani na hina mikononi. Ujumbe wa Twalib ukaingia:

"Vaa ile nyeupe. Na leo usiniaibishe."

Shangazi aliuona. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika pazia.

Sheikh akaja na mashahidi, wakasimama upande wa pili wa pazia.

"Faridah binti Hassani. Ba'mdogo wako anataka kukuoza kwa Twalib, kwa mahari mliyokubaliana. Umeridhia?"

Nikanyamaza.

Sebuleni mtu akakohoa.

"Kaona haya, sheikh," sauti ya Twalib ikaja. "Tuendelee."

"Kanyamaza?" Ba'mdogo akapaza sauti kwenye simu. "Basi karidhia! Ozesha, sheikh, huku watoto wameshaanza kula biriani!"

Watu wakacheka. Sheikh hakucheka.

"Saumu, wewe uko naye humo. Ana hali gani?"

Nilimtazama shangazi. Neno moja lake, na yangekwisha. Vidole vyake vilikuwa vinalikunja pazia.

"Mimi leo simsemei mtu, sheikh," akasema. "Lakini binti anatetemeka. Muulize tena. Na umngoje."

"Shangazi!" Safari hii sauti ya Twalib haikuwa na kicheko.

"Keti, bwana," sheikh akamwambia. "Kimya tunakipokea kwa binti ambaye moyo wake umekunjuka, anaona haya tu kusema. Anayetetemeka ni jambo lingine." Akageukia pazia. "Binti yangu, umeridhia? Sina haraka."

Kweli hakuwa na haraka. Nilisikia friji jikoni. Nilisikia gari la kusukuma theluji likipita barabarani, mpaka sauti yake ikaisha. Nikainuka, nikalisogeza pazia mwenyewe, nikatoka hadi sebuleni.

"Sitaki."

Lilitoka dogo sana.

"Rudia, ba'mdogo wako asikie."

"Sitaki kuolewa na Twalib."

Twalib akasimama. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa hauna tabasamu hata la kuazima.

"Unajua unachofanya? Watu wetu hapa tunajuana wote. Nani atakuchukua baada ya leo? Utakuja kunipigia magoti."

"Umeshajibiwa, bwana," sheikh akasema. "Viatu vyako viko mlangoni."

Alimtazama kila mtu, mmoja mmoja, kama anatukariri. Alipofika kwangu alikaa muda mrefu. Kisha mlango ukafungwa kwa kishindo, na gari lake likazungusha magurudumu kwenye theluji kabla ya kuondoka. Shangazi akaenda akafunga komeo.

"Faridah!" Ba'mdogo alikuwa karibu kulia. "Umenivua nguo mbele za watu! Mbona nilipokuuliza ulinyamaza?"

"Nilikuwa naogopa, Ba'mdogo."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa."

Huko Tanga mtu akauliza nini kimetokea, akanyamazishwa.

"Yupo mwingine?" hatimaye akauliza. "Kama yupo, niambie wewe. Nisije nikaambiwa na majirani."

Niliichukua simu yangu kutoka chumbani, nikaifungulia ile namba iliyozuiwa, nikapiga palepale, mbele ya sheikh, mashahidi na halua. Hina ilikuwa bado mbichi, ikapaka kioo chote.

"Allô?" Mugabo akaitika. "Faridah? Si uliniambia nisikutafute?"

"Si mimi niliyeandika. Simu alikuwa nayo mtu mwingine."

"Donc, kwa hiyo... huolewi?"

"Nimekataa sasa hivi."

Nikamsikia akivuta pumzi. Alikuwa ananingoja, kama alivyoningoja siku ile barabarani mpaka treni zikapita. Macho ya sebule nzima yalikuwa kwangu.

"Mugabo," nikasema, "walete wazee kwa shangazi. Nakutaka wewe."