Senti Moja ya Kaunti ya Tolliver

Kwa miaka kumi na tisa Verlene Gaddis aliwapikia wagonjwa katika hospitali moja kubwa, jimbo la Georgia, Marekani. Alianza kazi saa moja na nusu asubuhi. Mumewe, Roscoe, alikuwa fundi wa mashine za kukatia nyasi. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba yao, kando ya barabara kuu ya Tolliver. Kila Ijumaa Verlene alikaanga kambare, na Roscoe alimla kwa mkate wa mahindi na sukuma wiki, akisifu kila tonge.

Mwezi wa tatu gari lao lilikufa. Roscoe alifungua boneti, akachungulia, akaifunga taratibu.

"Giaboksi imekwisha," alisema. "Hili tulizike tu, mke wangu."

Hawakuwa na pesa za kununua jingine. Kaunti ya Tolliver haikuwa na basi hata moja. Mabasi yalifutwa miaka minne nyuma, fedha zilipokosekana. Basi la karibu lilikuwa la kaunti jirani. Lilifika mpakani, mbele ya duka la matairi, kisha likageuza na kurudi lilikotoka. Kutoka kwa akina Gaddis hadi hapo ni maili tatu.

Verlene akawa anakodi teksi mpaka mpakani, kisha anapanda basi hilo hadi hospitalini. Kwenda dola tisa, kurudi dola tisa. Siku ambazo teksi haikuja, alitembea ukingoni mwa barabara. Hapakuwa na njia ya waenda kwa miguu. Malori yalipita karibu naye hadi sketi ikapepea. Alichelewa kazini mara moja, akaandikiwa barua ya onyo. Akachelewa tena, akapewa barua ya pili.

"Ya tatu sitaiandika mimi," msimamizi wake alimwambia kwa huzuni. "Itaandikwa na ofisi kuu, nayo itakuwa ya kukuaga."

Wakati huohuo habari zikaenea. Kaunti tano za kanda ile zingepiga kura mwezi wa kumi na moja. Swali lilikuwa moja: je, watu wakubali kuongeza kodi ya mauzo kwa senti moja katika kila dola, kwa miaka kumi, ili fedha hizo zijenge barabara na kurudisha mabasi?

Roscoe hakungoja kusikia zaidi. Alichomeka bango kubwa mbele ya karakana: KODI MPYA? HAPANA.

"Leo senti," alimwambia mkewe. "Kesho watataka mkono wenyewe."

"Na mimi nitaendelea kukimbizana na malori?"

"Tutapata njia."

"Njia ndiyo hiyo wanayoiulizia, bwana wewe."

Siku tatu walisemeshana kwa mkato. Chumvi iko wapi. Mlango umefungwa. Hayo tu.

Jumamosi alikuja jirani yao, Bi Odessa Whitlow, na bakuli la bamia za bustani yake. Kabla ya kustaafu alifanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya barabara, akikagua mikataba. Alisimama mbele ya bango, akalisoma lote.

"Bango zuri, Roscoe. Na karatasi ya mpango wenyewe umeisoma?"

"Sina haja. Kodi ni kodi."

"Mtu akikuletea mashine, huwa unamwambia imekufa kabla ya kuifungua?"

Roscoe alijifuta mikono kwa kitambaa. "Bi Odessa, wewe umekula mshahara wa serikali miaka thelathini. Lazima uitetee."

"Niliula, tena wote. Ndiyo maana najua mahali wanapopenda kuficha mambo. Chemsheni chai, nakwenda kuleta karatasi."

Karatasi ilikuwa na kurasa arobaini na mbili. Waliitandaza juu ya meza ya jikoni. Bi Odessa alivaa miwani.

"Tuanze na kinachouma," alisema. "Kwa mwaka mnanunua vitu vya kiasi gani? Chakula, nguo, sabuni, vipuri vya karakana. Dawa na petroli viacheni, havimo kwenye kodi hii."

Verlene alitoa stakabadhi kwenye droo. Walijumlisha, wakafuta, wakajumlisha tena. Ilikuwa kama dola elfu kumi na nane.

"Senti moja katika kila dola. Kwa hiyo mtalipa dola mia na themanini kwa mwaka. Si kidogo. Na sitawadanganya: kodi ya mauzo humuuma maskini kuliko tajiri. Mayai ya tajiri na ya maskini hutozwa senti ileile, lakini mifuko si sawa."

Roscoe alimtazama mkewe. "Umesikia?"

"Sijamaliza," alisema Bi Odessa. "Kukataa nako kuna bei. Teksi ya Verlene ni kiasi gani kwa wiki?"

"Dola tisini," alijibu Verlene.

"Zidisha kwa wiki hamsini za kazi."

Roscoe aliandika kwa penseli. 

"Elfu nne na mia tano," alisema. "Sikuwahi kuzijumlisha."

"Ndiyo maana haziumi kama kodi. Hutoka kidogo kidogo, wala hazina bango."

Waliendelea kusoma. Verlene, aliyekuwa amepewa kurasa za mwisho, akaweka kidole mahali.

"Bi Odessa, hapa pana nini? 'Huduma ya mabasi Tolliver itaanza mwaka wa sita.' Barabara za kaunti za kaskazini zinaanza mwaka wa kwanza. Sisi mwaka wa sita?"

"Endelea kusoma."

"'Fedha zikipungua, mabasi yatapunguzwa kwanza.'" Verlene alivua miwani yake. "Yaani tunalipa tangu siku ya kwanza, halafu basi lenyewe huenda lisije."

"Niliwaambia," alisema Roscoe.

"Ulituambia bila kusoma," alisema Bi Odessa. "Sasa umesoma. Leo una hoja. Jana ulikuwa na hasira tu."

Roscoe mwenyewe aligundua kasoro ya tatu. Kwenye ramani, barabara kuu ingepanuliwa. Mstari mwekundu ulikata mbele ya karakana yake, futi kumi na mbili za uwanja anapopanga mashine.  Aliupitisha ukucha juu ya mstari ule mara mbili.

"Hizo wanapaswa kukulipa," alisema Bi Odessa kwa upole. "Lakini uwanja utaupoteza. Nao uuhesabu."

"Kwa hiyo tupige kura gani?" aliuliza Verlene.

"Hilo mtaamua wenyewe. Lakini huu bado ni mpango wa mwanzo. Kabla ya kuupeleka kwenye kura, Baraza la Kanda linasikiliza watu. Alhamisi jioni, ukumbi wa maktaba. Karatasi inaweza kubadilika ikiwa bado ni rasimu. Ikishapigiwa kura, haibadiliki tena."

"Mimi nitakwenda," alisema Verlene.

"Nitakusindikiza," alisema Roscoe. "Ila sitasema neno. Mimi na vipaza sauti hatujuani."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa baraza alimpa kila mtu dakika mbili. Verlene alisimama na karatasi mkononi. 

"Naitwa Verlene Gaddis. Nawapikia wagonjwa. Baadhi yenu huenda mmekula uji wangu. Sikuja kukataa kodi, na sikuja kuikubali. Nimekuja na ukurasa wa thelathini na moja. Mnataka Tolliver ilipe tangu mwaka wa kwanza, na ipate basi mwaka wa sita. Mtu akija dukani kwenu akachukua mkate leo, akasema atalipa baada ya miaka mitano, mtampa?"

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti alitikisa kichwa.

"Bi Gaddis, tunakuelewa. Lakini mabasi lazima yaagizwe, yajengewe gereji, madereva wafundishwe. Mambo hayo huchukua miaka mitano."

 Verlene alibaki amesimama. Ndipo kiti kilipokwaruza sakafu nyuma yake, na Roscoe akainuka.

"Mimi ni mume wake," alisema, bila kipaza sauti. "Basi la kaunti jirani linafika mpakani kila nusu saa. Linasimama mbele ya duka la matairi, linageuza. Lina dereva. Lina mafuta. Lina viti vitupu. Mnataka kuniambia linahitaji miaka mitano kuja maili tatu mbele?"

Ukumbi mzima ulicheka. Hata mwenyekiti alicheka, kisha akaacha kucheka na kuinama kumnong'oneza mhandisi wa baraza aliyeketi kando yake. Mhandisi aliinua mabega, akajibu kitu. Waliongea kwa muda mrefu.

"Swali hilo," alisema mwenyekiti hatimaye, "hatukuwa tumelifikiria."

Bi Odessa, kutoka mstari wa tatu, alisema kwa sauti ya kusikika vizuri, "Liandikwe kwenye kumbukumbu."

Watu wengine kumi na wanne wa Tolliver waliongea jioni ile. Wote walikuwa na ukurasa wa thelathini na moja mkononi.

Wiki tatu baadaye rasimu mpya ilitolewa. Basi la jirani lingekodiwa na kuingia Tolliver kabla ya mwaka wa kwanza wa kodi kwisha. Njia ya waenda kwa miguu ingejengwa hadi mpakani. Fedha zikipungua, barabara na mabasi vingepunguzwa kwa kiwango sawa. Kamati ya wakazi ingekagua matumizi kila miezi mitatu, na hesabu zingebandikwa hadharani. Futi kumi na mbili za Roscoe hazikurudi. Zilibaki kwenye ramani, na malipo yake kando.

Roscoe aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa. Kisha alitoka nje, akang'oa bango lake.

"Umeshapima?" Verlene alimwuliza.

"Nimepima. Inauma, lakini inabebeka."

Kuanzia hapo wote watatu walizunguka. Walikwenda kanisani, kwenye saluni, kwa kinyozi. Hawakumwambia mtu apige kura gani. Walikaa na stakabadhi zake, wakamsaidia kujumlisha. Wengine walijumlisha, wakaona haiwafai, wakasema hapana. Wengi walisema ndiyo. Dada wawili wa kanisani, waliposikia habari za barua zile za onyo, walianza kupokezana kumpeleka Verlene kazini kwa magari yao. Barua ya tatu haikuandikwa.

Usiku wa matokeo kaunti nne zilishahesabiwa na kura zilikuwa zimekaribiana mno. Tolliver ilikuwa ya mwisho. Mpango ulipita, na kura za Tolliver ndizo zilizoupitisha. Roscoe, mtu asiyecheza hata harusini, alimshika mkewe kiuno, akamzungusha jikoni mara tatu.

Kinyozi alikuwa amepiga kura ya hapana. "Kila nikinunua taulo nalipa senti ya Roscoe," huwaambia wateja mpaka leo. Lakini husoma hesabu zinapobandikwa, na mara mbili amesimama kwenye kamati kuuliza maswali magumu. Anajibiwa.

Karakana sasa inatazama upande wa nyuma. Kwa fedha alizolipwa, Roscoe alitengeneza ua wa nyuma, akapanga mashine huko. Alilalamika mwezi mzima, kisha akazoea.

Basi liliingia Tolliver Jumatatu moja ya mwezi wa nane, mwaka uliofuata. Watu sitini walikuwa kituoni, na nusu yao hawakuwa na safari. Walikuja kuliona tu. Dereva alifungua mlango, akawaangalia, akauliza, "Nani anakwenda?"

Verlene alipanda wa kwanza. Bi Odessa alipanda wa pili, amevaa kofia yake ya kanisani, kwa sababu alitaka kufika mwisho wa njia na kurudi. Basi lilipita maili tatu zile kwa dakika saba. Kando ya barabara mafundi walikuwa wanamwaga zege ya njia ya waenda kwa miguu.

Verlene alifika hospitalini saa moja na dakika tano. Jiko lilikuwa bado kimya. Alijimiminia kikombe cha kahawa, akavuta kiti, akaketi. Msimamizi wake aliingia, akamkuta ameketi na kikombe mkononi, saa ya kazi bado dakika ishirini na tano.

"Umekuja na nini leo?" aliuliza.

"Na basi," alisema Verlene, akampisha nafasi mezani.