Sukari ya Chupa za Nontsapho

Kila Jumamosi Nontsapho aliamka mapema. Alibandika mahindi ya kupondwa na maharage, akaoka mkate, kisha akachuja pombe yake ya mtama. Mtaa mzima wa Joza, huko Makhanda, uliijua pombe hiyo. Baba mkwe wake, Mzee Zolile, alipewa kopo la kwanza. Alikunywa, akajifuta masharubu, akasema, "Mwanangu, mikono yako ina dawa."

Nontsapho aliyangojea maneno hayo wiki nzima.

Kisha wifi yake akarudi nyumbani.

Phathiswa, dada wa mumewe, alikuwa amefanya kazi miaka sita katika kiwanda kidogo cha bia huko Gqeberha. Kiwanda kilipofungwa, alirudi kwa baba yake na ndoo mbili, mizani ndogo, na kreti za chupa tupu. Akapewa chumba cha uani. Mwezi mmoja na nusu baadaye, Jumamosi moja, alileta mezani chupa ya bia aliyoipika mwenyewe. Akaifungua. Psss! Povu jeupe likapanda mpaka mdomoni mwa glasi.

Mzee Zolile akaonja. Akafumba macho.

"Kumbe nimezaa fundi!" akasema.

Majirani waliokuja kunywa wakapiga makofi. Kopo la pombe ya mtama lilibaki mezani. Nzi akatua ukingoni. Hakuna aliyemfukuza. Nontsapho alimwona nzi yule, na moyo ukamchoma.

Jioni mumewe, Sindile, alikuwa akivua viatu.

"Bia ya dada ni tamu, eti?"

"Basi mwambie akupikie na chakula," Nontsapho akajibu. "Akufulie na soksi."

"Nimesema nini mimi?"

"Hujasema kitu. Lala."

Tangu siku hiyo alimchungulia wifi yake kwa dirisha la jikoni. Alimwona akichemsha kimea, akitia hamira, akifunika ndoo. Alimwona akijaza chupa na kuzigonga vizibo. Akajisemea, "Ni hilo tu? Hata mimi naweza."

Akanunua kimea dukani. Akapika bia yake kimya kimya, mwezi wa saba, baridi ikiwa kali. Alikuwa amesikia kwamba kabla ya kufunga chupa hutiwa sukari kidogo ili bia ipate gesi. Kidogo kiasi gani? Hakujua. Amuulize Phathiswa? Afadhali anywe maji ya kufulia.

Alitia nusu kijiko cha chai kila chupa. Siku ya nne hakuweza kungoja tena. Jumamosi akaweka chupa mezani mbele ya watu wote. Akafungua. Kimya. Hakuna psss, hakuna povu.

Sindile akaonja. "Mke wangu, hii si chai iliyopoa?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Phathiswa peke yake hakucheka.

"Wifi," akauliza, "uliziacha siku ngapi?"

Lilikuwa swali zuri. Lakini mwenye wivu hata salamu huiona kejeli.

"Siku zangu umeanza kunihesabia wewe?" Nontsapho akasema. Akabeba chupa zake, akaenda kuzimwaga.

Mwezi wa kumi ukafika. Mzee Zolile angetimiza miaka themanini mwezi uliofuata, na ndugu wangekuja kutoka kila upande. Nontsapho akaapa kwamba siku hiyo bia itakayosifiwa itakuwa yake. Akapika tena. Ndoo ilikuwa bado inatoa mapovu siku ya tano, lakini yeye akaanza kujaza chupa. Zilipopungua, akaongeza chupa za juisi, zile nyembamba. Sasa sukari.

"Nusu kijiko haikutosha," akawaza. "Povu lake linapanda mpaka mdomoni. Langu litapanda mpaka darini."

Akatia sukari ya kahawia. Vijiko vinne vilivyojaa, kila chupa. Akagonga vizibo, akazipanga stoo, karibu na gunia la unga.

Siku ya tisa kulikuwa na joto. Saa sita mchana Mzee Zolile aliingia stoo kuchukua mkate. Akatoka. Akafunga mlango nyuma yake.

Pah!

Nyumba ikatikisika. Kisha tena: pah! pah! Vigae vya chupa viligonga mlango kwa ndani kama mvua ya mawe. Mzee akakaa chini palepale sakafuni, mkate mapajani.

Nontsapho alikuja mbio, akashika kitasa. Mkono ukamkamata kwa nyuma.

"Usifungue!" Alikuwa Phathiswa. "Zilizobaki bado zina nguvu. Ukizigusa zitakupasukia usoni."

"Baba! Baba ameumia?"

"Sijaumia," Mzee akasema. "Ila nimezeeka miaka mingine kumi."

Mlango haukufunguliwa mchana ule. Phathiswa alisubiri mpaka asubuhi ya siku ya pili, hewa ilipokuwa ya baridi. Akavaa koti zito, glavu za ngozi, na kofia ya pikipiki ya kaka yake iliyofunika uso. Akazifunika chupa kwa blanketi lililoloweshwa maji. Akapenyeza mkono chini ya blanketi, akalegeza vizibo kimoja kimoja, gesi ikatoka. Alipomaliza, aliwaita. Kipande cha kioo kilikuwa kimezama kwenye ubao wa mlango, juu kidogo ya kitasa. Ndipo kilipokuwa kifua cha Mzee alipokuwa akitoka.

Nontsapho akakitazama. Akaanza kulia.

"Wifi, nilikuonea wivu."

"Najua," Phathiswa akasema. "Wivu wako nilikuwa nausikia mpaka chumbani kwangu uani."

"Nilitaka wasahau bia yako."

"Ungemsahaulisha baba kila kitu, hata jina lake. Futa machozi. Chukua ufagio. Tukimaliza hapa, njoo kwangu."

Walifagia pamoja. Kisha Nontsapho aliingia chumba cha uani kwa mara ya kwanza. Phathiswa akamkalisha kwenye kreti, akamsikiliza akieleza yote aliyofanya.

"Umekosea mara mbili," akasema. "Lakini mara ya kwanza kosa halikuwa sukari."

"Lilikuwa nini?"

"Haraka. Hamira inakula sukari polepole ndani ya chupa, inatoa gesi. Gesi haina pa kutokea, inaingia ndani ya bia. Kwenye joto la kawaida la nyumba inataka wiki mbili. Wewe uliipa siku nne, tena za baridi. Hamira ilikuwa imelala."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili ulijaza chupa kabla bia haijatulia. Ilikuwa na sukari yake bado, wewe ukaongeza nyingine. Gesi ikazidi nguvu ya chupa. Zile za juisi ndizo zilizoanza."

"Nitajuaje kwamba imetulia?"

Phathiswa akamwonyesha kijiti cha kioo chenye mistari. Akakitumbukiza ndani ya bia, kikaelea. "Soma mstari unaoguswa na uso wa bia. Kesho kutwa usome tena. Ukiwa uleule, sukari ya ndoo imekwisha. Ukiwa umeshuka, ngoja. Mapovu yasikudanganye."

"Sawa. Sasa sukari gani?"

"Nyeupe, hii ya chai. Ya kahawia inabadilisha ladha. Asali nayo ina maji, huwezi kujua sukari ni kiasi gani. Anza na nyeupe."

"Vijiko vingapi?"

"Achana na vijiko! Kijiko chako kina kilima, changu kina bonde. Tunapima kwa mizani. Gramu sita kwa kila lita ya bia. Ndoo yako inachukua lita ngapi?"

"Ishirini."

"Haya, piga hesabu."

Nontsapho akahesabu kwa vidole. "Mia na ishirini."

"Umeona? Wewe ulitia zaidi ya gramu ishirini katika chupa moja ambayo haijafika hata lita."

Nontsapho akashika kichwa.

"Usitie sukari chupa kwa chupa," Phathiswa akaendelea. "Moja itazidi, nyingine itapungua. Iyeyushe yote katika vikombe viwili vya maji, ichemke dakika chache, ipoe. Mimina kwenye ndoo safi. Halafu ingiza bia kwa mpira wa maji, taratibu, bila kuirusha. Koroga polepole kwa mwiko uliooshwa vizuri. Kila chupa itapata sawa."

"Na chupa?"

"Za bia tu, nene, zisizo na ufa. Jaza na moja ya plastiki, ya soda. Hiyo ndiyo mlinzi wako. Iminye kila siku. Ikiwa laini, bado. Ikikaza kama mpira uliojaa upepo, gesi imeingia. Ikikaza mapema mno, siku ya pili au ya tatu, ujue kuna hatari. Na zote zikae ndani ya kreti iliyofunikwa, mbali na jua na watu."

Walipika pamoja wiki hiyo. Nontsapho alisoma kile kijiti mara tatu kabla ya kuridhika. Alipima sukari, akapunguza chembe, akapima tena, mpaka Phathiswa akamwambia, "Wifi, si dhahabu hiyo." Siku ya nne baada ya kujaza, mikono ilimwasha kufungua moja. Akaiminya ile ya plastiki. Laini. Akairudisha. Siku ya kumi na nne ilikuwa imekaza.

Sherehe ya Mzee Zolile ilijaza uwanja wote. Nontsapho akaleta chupa iliyopoa. Mzee alipoiona alisogeza kiti nyuma.

"Mwanangu, hii ni ya kunywa au ya vita?"

"Ya kunywa, Baba."

Psss. Povu likapanda vidole viwili, likatulia. Mzee akaonja. Akaonja tena. Alisogeza glasi mbele ijazwe.

Kabla ya Krismasi majirani watatu walikuwa wamekuja kumuuliza Nontsapho juu ya sukari. Aliwaeleza, na kila mara aliwaambia ni nani aliyemfundisha. Hata hivyo waliendelea kuja kwake.

Siku moja Phathiswa aliwatazama wakiondoka. Akanuna kidogo.

"Siku hizi wanabisha mlango wako tu," akasema. "Mimi nimekuwa mpangaji."

"Huo ni wivu, wifi."

Phathiswa akafikiri. "Ndiyo, ni wivu. Lakini gramu sita tu."

Walicheka, wakaenda kuosha chupa.