Pacha Aliyefichwa Kabatini

Duka lilikuwa limefurika, watu wakipenyeza mikono juu ya mabega ya wenzao ili waguse simu mpya. Katikati ya msukumano huo, dada mmoja mwenye gauni la kijani na madoa ya wino vidoleni alipaza sauti.

"Kaka, hizi tableti mbili ni sawasawa?"

Muuzaji aliinua uso, na moyo ukampiga paa.

"Mapacha hao, dada. Hata mama yao huwachanganya."

"Mimi nachora vitabu vya watoto. Nachora unywele mmoja mmoja. Usinidanganye."

"Nikudanganye wewe, halafu usingizi nitaupata wapi?"

Mchoraji alicheka, akaichukua aliyopewa.

Muuzaji hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Alikuwa mwongo wa saa za kazi. Tableti hizo zilifanana rangi, boksi hata bei, lakini kiwanda kilikuwa kimebadilisha vioo kimyakimya. Asubuhi ile aliziwasha akazilaza pamoja. Kwenye moja herufi zilikuwa kali, safi. Kwenye nyingine kingo za herufi zilikuwa kama zimeota manyoya. Ile kali alishaamua iwe yake mwenyewe, kwa hiyo Mchoraji akapewa iliyobaki.

Mchoraji alirudi kutafuta kifuniko, akaondoka na namba ya simu ya Muuzaji. Tangu hapo simu haikutulia.

"Umekula, muuzaji wangu wa maneno?"

"Nitakulaje na wewe hujanipigia?"

"Acha uongo wako! Njoo jioni, nimekumiss."

Walipendana kweli, tena bila kificho. Kisha siku moja Mchoraji akasema, "Mpenzi, mbona kope ninazochora zinaonekana kama zimelowa?"

"Umechoka tu, laazizi. Pumzika."

Muuzaji alijua. Alijua na akanyamaza. Alimsindikiza kununua miwani, akamsifia kwamba imempendeza. Kila Mchoraji alipomtembelea, aliisukuma tableti yake chini ya masweta kabatini. Roho ilimsuta, lakini aliogopa kwamba akisema ataachwa.

Akaachwa hivyohivyo.

"Usije tena kwangu," Mchoraji alimwambia kwenye simu.

"Kuna mwingine?"

"Mwingine wa wapi! Sikiliza. Baba yangu alikuwa mpanga herufi kiwanda cha uchapaji. Kwake yeye pia ilianza hivi, vitu vidogo vikaingia ukungu. Daktari akamwambia macho ni mazima. Leo ananijua kwa sauti tu. Na mimi daktari ameniambia ni mazima. Kitabu kipya nilichopewa nichore nimekirudisha. Sitaki uoe mtu wa kushikwa mkono."

Simu ikakatika. Muuzaji alijiona mtu mbaya kuliko watu wote aliowahi kuwafahamu. Alifungua kabati, akatupa masweta sakafuni, akaikwapua tableti yake, akatoka mbio na sare yake ya dukani.

Mchoraji alimfungulia akiwa na gauni la nyumbani, macho yamevimba.

"Nimekwambia usije."

"Nitaondoka. Kwanza washa yako." Aliziweka mezani zote mbili, akautuma mchoro wa mtoto aliyelala kutoka ya Mchoraji hadi yake. "Vua miwani. Tazama."

Mchoraji aliinama. Kwenye moja kope zilikuwa zimelowa. Kwenye nyingine aliweza kuzihesabu.

"Macho yako hayana kitu," Muuzaji alisema. "Nilikuuzia kioo hafifu, kizuri nikajiwekea. Nilijua tangu siku ileile."

Mchoraji alicheka huku machozi yakimtiririka. Kisha kicheko kikaisha, akamsukuma kifuani.

"Ulinisifia miwani!"

"Niliogopa utaniacha."

"Kwa hiyo ukaona afadhali nijione kipofu?"

Muuzaji aliisogeza ile tableti kali upande wa Mchoraji.

"Mimi nitakusamehe, sijui lini, maana nakupenda, mjinga wewe. Lakini baba hajala vizuri tangu nimwambie. Anajilaumu kwamba ameniachia ugonjwa wake. Yuko chumbani. Kamwambie mwenyewe, mimi sikusaidii hata neno."

Mzee alikuwa ameketi kitandani, redio imezimwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, muuzaji wa tableti."

Alieleza yote bila kujipendelea: kioo, miwani, kabati. Muuzaji alisubiri matusi, na moyoni aliyataka.

"Kwa hiyo mwanangu anaona?"

"Anaona, mzee. Kosa ni langu peke yangu."

"Kosa lako tutaliongea kesho. Sema tena hilo la kwanza."

"Anaona."

Mzee alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wake, akaukaza kwa nguvu.

"Tena, mwanangu."

Muuzaji alirudia, na Mchoraji akaingia akaketi katikati yao.